Ukitaka kuunda manowari ya kubeba ndege, taja mwaka kwanza

Chuo kikifungua hapa Mbeya huwa napata vijana wanaotaka kuunda manowari za kale za kubeba ndege kwa ajili ya simuleta, zile programu za kuigiza urubani. Wengi mikono yao ni myepesi kwenye Blender, programu ya kuundia maumbo, kuliko yangu. Wanauliza waanze na meli gani. Mimi nawauliza: ya mwaka gani?

Manowari hizi hazikai na sura moja. Chukua USS Midway ya Marekani. Ilipoingia kazini 1945 sitaha yake ilikuwa imenyooka toka tezi (nyuma) hadi omo (mbele). Ikaingia matengenezoni, ikatoka 1957 ikiwa na sitaha ya mshazari, yaani njia ya kutua ndege imeelekezwa pembeni kushoto. Ikaingia tena, ikatoka 1970 sitaha imetanuliwa hasa. HMS Hermes ya Uingereza nayo ilianza 1959 na mitambo ya mvuke ya kurushia ndege. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mitambo hiyo ikang'olewa, na katika vita vya Falklands 1982 omo lake lilikuwa na mbinuko wa nyuzi 12 wa kurushia ndege za kivita za Sea Harrier. Baadaye India ikainunua na kuiita Viraat. Sasa mtu akikwambia anaunda Hermes, hajakwambia kitu.

Mwaka ndio unaokuambia nini kiwepo sitahani. Mwaka 1945 rubani wa Midway aliongozwa na afisa aliyesimama kule tezi ameshika vibao viwili mikononi. Kioo cha kumwonyesha rubani mteremko wake kilikuja miaka ya 1950, kazi ya Waingereza, kama ilivyo sitaha ya mshazari yenyewe. Na mshazari haukuwekwa kwa urembo. Kwenye sitaha iliyonyooka, ndege ikikosa waya zote, zile zilizotandazwa sitahani ili kulabu ya ndege inayotua izinase, inakutana na ndege wenzake zilizoegeshwa mbele, ndiyo maana palisimamishwa vizuizi vya nyaya katikati. Kwenye mshazari rubani anaongeza nguvu, anaondoka, anazunguka kujaribu tena. Ukisahau vizuizi kwenye meli ya zamani, umempa rubani wako raha ambayo wenzake hawakuwa nayo.

Kwa Mtanzania napenda kupendekeza HMS Centaur ya Januari 1964. Ndiyo iliyoleta makomando wa Kiingereza kutoka Aden baada ya maasi ya wanajeshi wa Tanganyika Rifles, na tarehe 25 helikopta zake zikawashusha kwenye kambi ya Colito, Dar es Salaam, ambayo leo ni Lugalo. Uichukulie vyovyote siasa yake, ni meli iliyopita kwenye historia yetu, na bado vijana wanang'ang'ania Nimitz ya Marekani, ambayo kwenye simuleta ya FlightGear ipo tayari na imeshakamilika!

Tatizo la Centaur ni kwamba ilikatwa chuma chakavu tangu miaka ya 1970, huwezi kutafuta picha za watalii kama za Midway, ambayo ni makumbusho San Diego. Hapo utapima kwa ndege. Rafadha kuu (panga boi la juu) ya helikopta ya Wessex ina kipenyo cha mita 17.07. Ukiipata kwenye picha iliyopigwa kutoka juu, imekaa sitahani na mapanga yamekunjuliwa, una rula. Lakini pima vitu vilivyo karibu nayo tu. Ukipeleka kipimo hicho hadi ncha ya omo, picha itakudanganya, kwa sababu vya mbali huonekana vifupi. Tafuta picha nyingine ya huko.

Vipimo vina maana kuliko unavyodhani. Njia ya ndege pale uwanja wa Songwe inapita kilomita 3. Centaur nzima ilikuwa na urefu wa kama mita 225, na sehemu ya kutua ni kipande tu cha hizo. Waya ikikaa mita tano nyuma ya mahali pake, kuelekea tezi, rubani anayefuata mteremko sahihi ataipita.

Kwa hiyo usianze na rangi. Tengeneza sitaha tupu, kwa mita, sifuri ya urefu wa kwenda juu ikae kwenye mstari wa maji. Ongeza waya na mstari wa mtambo wa kurushia, kisha faili la XML la kuiambia FlightGear kipi ni kigumu na kipi ni waya. Majina ya XML yafanane na ya kwenye modeli herufi kwa herufi. Yakipishana, sitaha utaiona vizuri kabisa lakini ndege itaipita kama moshi na kutua baharini. Majina ya picha nayo yaangalie: "Sitaha.png" na "sitaha.png" kwenye Windows ni kitu kimoja, kwenye Linux ni mafaili mawili, na rafiki yako wa Linux ataona meli nyeupe.

Ribiti na minyororo ya pembeni chora kwenye picha ya kubandika, usiziunde. Laptopu za mtumba tunazonunua Kabwe hapa Mbeya hazibebi mzigo huo, hata kwenye baridi ya Juni inayozisaidia kupoa. Na hifadhi kila toleo kwa jina jipya, maana umeme wetu unaujua.

Majaribio: kwanza meli ikiwa imesimama, halafu ikienda kasi ya noti 25 (maili 25 za baharini kwa saa). Sitaha inayoonekana nzuri ikiwa imetulia huanza kutelezesha magurudumu meli ikitembea, na hilo hulioni kwenye Blender. Baada ya hapo mpe mtu anayejua kutua, usimwambie umehangaika wapi, ukae pembeni uhesabu anakamata waya ya ngapi. Akikamata ya kwanza kila mara, rudi ukaangalie pembe ya kioo chako kabla hujamlaumu yeye.