Naswali Lakini Moyo Uko Kwenye Simu: Je, Swala Yangu Inasihi?

SWALI

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, sheikh wetu. Mimi ni mama wa watoto wawili, ninafanya kazi ya uwakala wa pesa za simu hapa Mbagala, Dar es Salaam. Nafungua kibanda mapema asubuhi, nafunga baada ya Isha, na kazi yangu yote ni simu. Swala zote tano naswali, nyingi naziswali palepale nyuma ya kibanda. Lakini nikishasema Allahu Akbar, akili inakwenda kwenye floti, yaani pesa ya kuzungushia kazi: nimemtolea nani, nani hajarudisha, salio limebaki ngapi. Mara nyingine natoa salamu na sikumbuki nimesoma sura gani. Mteja akigonga dirisha naharakisha nimalize. Usiku naangalia simu mpaka macho yanauma. Niko kwenye magrupu mengi ya mawaidha, nasikiliza, nalia, kesho yake moyo ni mkavu vilevile. Shoga yangu mmoja ameniambia swala isiyo na khushuu si swala, nizirudie zote. Mwingine amenipa programu ya simu ya kuvuta pumzi na kutuliza akili. Sheikh, mimi ni mnafiki? Swala zangu zinasihi? Au niache kazi hii?

JIBU

Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh, dada yangu. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba wake.

Nianze na neno zito ulilojiita, maana naona ndilo linalokuchoma. Hanzala (r.a.), mmoja wa waandishi wa Mtume (s.a.w.), alikutana na Abubakar (r.a.) njiani akamwambia, "Hanzala amekuwa mnafiki." Abubakar akashangaa, unasema nini? Akaeleza: tukiwa kwa Mtume anatukumbusha Moto na Pepo mpaka ni kama tunaviona kwa macho, lakini tukitoka tukachanganyika na wake zetu, watoto na shughuli za mali, tunasahau mengi. Abubakar hakumkemea. Alimwambia, Wallahi hata sisi hutukuta hayohayo. Wakaenda wote wawili kwa Mtume (s.a.w.), naye akasema kuwa lau wangedumu katika ile hali wanayokuwa nayo mbele yake, malaika wangepeana nao mikono vitandani mwao na njiani mwao. Kisha akamwambia, "Lakini, ewe Hanzala, saa hii na saa hii." Akalirudia mara tatu. Hadithi hii ameipokea Imamu Muslim.

Basi aliyelalamika ni sahaba, aliyekiri kuwa naye yumo ni Abubakar, na aliyewatuliza ni Mtume mwenyewe. Unalia kwa sababu moyo wako haukuhudhuria mbele ya Mola wako. Mnafiki hakosi usingizi kwa jambo hilo. Huo uchungu ulionao utunze, usiugeuze kuwa hukumu juu ya nafsi yako.

Sasa kuhusu kusihi kwa swala. Shoga yako amechanganya mambo mawili, na watu wengi wanachanganya kama yeye. Khushuu, yaani kule kuhudhuria kwa moyo na unyenyekevu, ndiyo roho ya swala. Mwenyezi Mungu amewasifu waumini kwayo mwanzoni mwa Suratul Muuminun, kwamba wamefanikiwa wale walio wanyenyekevu katika swala zao. Lakini wanazuoni walio wengi, na ndiyo kauli inayotegemewa katika madhehebu yetu ya Shafi, wanasema kuwa mtu akitimiza sharti na nguzo za swala, swala yake imesihi hata akili ikitangatanga. Deni limemtoka. Alichopunguza ni thawabu, na hilo si dogo: Abu Daud amepokea kwa Ammar bin Yasir (r.a.) kwamba mtu huondoka katika swala yake akiwa hakuandikiwa ila sehemu yake moja ya kumi, au ya tisa, au ya nane, mpaka kufikia nusu.

Kwa hiyo hutakiwi kurudia swala kwa sababu tu mawazo ya floti yalikuingia. Ila umetaja jambo jingine kwa kupitia, nalo ndilo lililonitia wasiwasi zaidi: mteja akigonga, unaharakisha. Unaharakisha vipi, dada yangu?

Mtu mmoja aliingia msikitini akaswali, kisha akaja kumsalimia Mtume (s.a.w.). Mtume akaitikia salamu, akamwambia, "Rudi ukaswali, kwani hujaswali." Akarudi akaswali kama mwanzo. Ikawa hivyo mara tatu, mpaka yule mtu akaapa kuwa hajui kuswali vizuri zaidi ya hapo, akaomba afundishwe. Mtume akamfundisha: urukuu mpaka utulie katika rukuu, uinuke mpaka usimame sawasawa, usujudu mpaka utulie katika sijida. Wamepokea Bukhari na Muslim. Tazama vizuri. Hakumuuliza moyo wako ulikuwa wapi. Alimrekebisha mgongo na paji la uso. Utulivu huu wa viungo, ambao mafakihi wanauita tumaanina, ni nguzo. Kiasi chake cha chini ni viungo kutulia kwa muda wa kusema Subhanallah mara moja. Ukiukosa huo, swala imebatilika hata kama ulikuwa unatokwa na machozi.

Na mteja akigonga, sheria imekupa njia. Mtume (s.a.w.) amefundisha kuwa likitokea jambo ndani ya swala, wanaume waseme Subhanallah na wanawake wapige kofi. Piga kiganja cha kulia juu ya mgongo wa mkono wa kushoto, mteja atajua uko kwenye swala, nawe endelea kwa utulivu wako. Au bandika kibao dirishani: NIPO KWENYE SWALA. Hata mteja asiye Mwislamu ataliheshimu hilo. Na akiondoka kwenda kwa wakala wa jirani, riziki yako haikuondoka naye.

Kuna kisa kimoja nataka ukishike kuliko vingine vyote katika jibu hili, kwa sababu kinagusa simu moja kwa moja ingawa kina zaidi ya miaka 1400. Bibi Aisha (r.a.) anasimulia kuwa Mtume (s.a.w.) aliswali akiwa amevaa guo la sufi lenye nakshi, jicho lake likazitazama zile nakshi mara moja. Alipomaliza akasema: mpelekeeni Abu Jahm guo hili, mniletee lile lake lisilo na nakshi, kwani hili limenishughulisha sasa hivi katika swala yangu. Kisa hiki wamekipokea Bukhari na Muslim. Wanazuoni wanasema Abu Jahm ndiye aliyelitoa zawadi, na Mtume aliomba jingine kutoka kwake ili asivunjike moyo.

Huyu ni mbora wa viumbe, na kilichomgusa ni nakshi za nguo, kwa kutupa jicho mara moja. Hakukaa akishindana nalo swala baada ya swala. Alilitoa kabisa. Sisi tunaweka simu karibu na msala, taa inawaka, inatetemeka, kisha tunajilaumu kuwa hatuna khushuu. Khushuu unaidai kutoka kwa moyo uliouzungushia kelele kwa mkono wako mwenyewe! Zima laini zote kabla ya takbira. Ukisahau na moja ikaita, nyoosha mkono uizime kwa kidole. Hilo ni tendo dogo, halibatilishi swala.

Vilevile Mtume (s.a.w.) amekataza mtu kuswali chakula kikiwa kimeshaletwa, au akiwa anabanwa na haja. Wanazuoni wamefahamu kutoka hapo kuwa kila kinachoushika moyo, kikiwa kinaweza kumalizwa na wakati wa swala upo, kimalizwe kwanza. Basi daftari lako lifunge kabla ya udhu. Andika salio la kila laini, andika nani unamdai, kisha ndiyo ukatawadhe. Adhuhuri ina kama saa tatu kwa hapa Dar es Salaam, unaweza kuchagua nafasi ambayo wateja wamepungua, bila kuiburuta mpaka mwisho wa wakati. Magharibi ndiyo yenye mtihani, maana ni fupi na watu ndiyo wanatoka makazini wakitaka kutoa pesa. Hiyo isikutoke kwa hali yoyote. Funga dirisha, swali.

Lakini nitakuwa sikukunasihi nikiishia kwenye msala. Moyo unaotangatanga ndani ya swala ni uleule uliotangatanga mchana kutwa. Jibril (a.s.) alipomuuliza Mtume kuhusu ihsani, jibu lilikuwa: umuabudu Mwenyezi Mungu kama kwamba unamuona, na ikiwa wewe humuoni, Yeye anakuona. Wewe dada yangu umepewa mahali pa kuiishi hadithi hii ambapo wengi hawakupewa. Mzee asiyejua kusoma anakukabidhi simu yake na kukutajia namba ya siri kwa sauti. Unajua nani anamtumia nani pesa, na kiasi gani. Mtu anakosea tarakimu moja, pesa zinaingia kwako badala ya kwa mwenyewe, naye hana habari. Hapo hakuna anayekuona ila Mmoja. Ukimrudishia yule mzee simu yake, na namba ile ukaisahau kwa ajili ya Allah, umemdhukuru Mwenyezi Mungu hata kama ulimi ulikuwa kimya. Fanya hivyo asubuhi yote, uone Adhuhuri moyo wako unaingia vipi kwenye swala. Ndiyo maana sikuambii uache kazi. Ujira wa huduma hii ni halali, na Mwenyezi Mungu katika Suratun Nur, aya ya 37, amewasifu watu ambao biashara haiwashughulishi na kumdhukuru. Hakusema hawana biashara.

Kuhusu magrupu, nitasema kwa ukali kidogo, unisamehe. Mawaidha kumi kwa siku yanapita juu ya moyo kama mvua juu ya bati: kelele ni kubwa, chini hakuloani. Unasikia habari ya kaburi, kabla hujaitafakari inaingia video nyingine, halafu tangazo la vitenge, halafu ule ujumbe wa "watumie watu kumi upate habari njema kabla ya kesho". Huo wa mwisho ni uzushi. Usiutume, na aliyekutumia mkataze kwa upole, kwani Mtume (s.a.w.) amesema inamtosha mtu kuwa muongo kwa kusimulia kila alichokisikia. Toka kwenye magrupu hayo, bakisha moja lenye mwalimu unayemjua. Afadhali zaidi kuwe na darsa ya msikitini au ya kina mama mtaani kwenu mara moja kwa wiki, ukae, umuone mwalimu, umuulize.

Hiyo programu ya kuvuta pumzi, kama ni kupumzisha mwili tu, ni mubaha, yaani jambo lililoruhusiwa tu, kama kunyoosha miguu. Ikiwa ndani yake kuna maneno ya ibada za watu wengine, iache. Na usiifanye badala ya dhikri, kwa sababu anayedhukuru ana Anayemkumbuka na Anayemsikia, na aya ya 28 ya Suratur Raad imesema kwamba kwa kumkumbuka Mwenyezi Mungu ndiyo nyoyo hutulia. Ukiona huzuni haikutoki au usingizi umekukimbia kwa muda mrefu, nenda ukamuone daktari pia. Kutafuta tiba ni sunna.

Usiku sasa. Bibi Fatima (r.a.) mikono ilimuuma kwa kusaga nafaka kwenye jiwe. Akaenda kwa baba yake kuomba mtumishi wa kumsaidia. Usiku ule Mtume (s.a.w.) akaja kwao, yeye na Ali (r.a.) wakiwa wameshalala, akakaa baina yao, akawaambia: niwafundisheni lililo bora kuliko mliloomba? Mkiingia kitandani semeni Subhanallah mara 33, Alhamdulillah mara 33 na Allahu Akbar mara 34. Hilo ni bora kwenu kuliko mtumishi. Ali akasema hakuliacha tangu siku hiyo. Nakupa hili kwa makusudi, kwa kuwa alipewa mama aliyechoka kwa kazi za mikono yake. Simu ichajie chumba kingine, na uhesabu kwa vidole vyako badala ya kuhesabu kwenye programu. Siku zako za hedhi, ambazo huswali, usiiache dhikri hii. Kina mama wengi hukatika hapo, wakadhani wako likizo na Mola wao, kumbe dhikri na dua hazijazuiliwa.

Usijirundikie. Amali inayopendeza zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni ile ya kudumu hata ikiwa chache, hivyo ndivyo alivyosema Mtume (s.a.w.). Anza na simu kuzimwa na dhikri ya kitandani. Nyingine zitakuja.

Limebaki suala la kulipa. Swala ulizoswali kwa utulivu wa viungo huku akili iko mbali, hulipi. Zile ambazo una shaka tu kama ulitulia au la, hulipi pia, kwa sababu shaka inayokuja baada ya salamu haizingatiwi. Lakini zile unazojua kwa yakini kuwa ulirukuu na kusujudu bila kutulia, hizo zihesabu mpaka uwe na dhana ya nguvu kuwa umezimaliza, uzilipe kidogokidogo: kila ukiswali faradhi ya wakati wake, swali pamoja nayo moja ya kadha, yaani ya kulipa, nyuma ya kibanda hapohapo, dirisha likiwa limefungwa. Na uniombee mimi kama ninavyokuombea wewe.

Wallahu aalam.