Vibuyu chirizi 300 kwa mwezi? Hesabuni tope, siyo vidumu

Mkuu, simama hapo hapo. Umeandika kikundi chenu cha kujitolea pale Ujiji mnataka kufunga vibuyu chirizi 300, yaani vile vidumu vya kunawia mikono vinavyoning'inizwa kwenye nguzo, kwa mwezi mmoja, unauliza vidumu vya jumla vinapatikana wapi, fulana ziwe rangi gani na ripoti iandikweje. Nimesoma nikajiona mwenyewe wa 2016.

Sisi tulianza kwa uchungu kweli. Mei 2015 kipindupindu kilikuwa kimewapiga wakimbizi wa Burundi pale kijiji cha Kagunga, na kila mtu mwambao huu wa Ziwa Tanganyika alitaka kufanya kitu. Tukafunga vibuyu 160 kwa wiki tatu. Tumechimbia nguzo, tumetoboa vidumu vya lita tano kwa msumari wa moto, tumefunga kamba ya kukanyagia, tumening'iniza sabuni. Viganja malengelenge matupu. Jioni mratibu anajaza daftari: watu wangapi, saa ngapi, vidumu vingapi. "Mmejituma, mmefaulu!" Yule bwana! Mpaka leo nikimwona mtaani pale Mwanga navuka barabara. Hata siku moja hakuuliza maji atajaza nani. Na sisi, kwa kupenda sifa, hatukuuliza.

Miezi miwili baadaye nikapita peke yangu. Vyenye maji tisa. Tisa! Sabuni zilibebwa na kunguru, kwa hiyo kunguru wa kule ni wasafi kuliko mimi. Nyumba moja nikakuta kidumu kimeshushwa, kina mawese. Nikamuuliza mama mwenye nyumba, akanijibu kwa upole kabisa: "Mwanangu, maji yaliisha siku ileile. Tukawa tunawasubiri mrudi mjaze."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba vyote 160 vilikuwa vyetu, wao walituhifadhia tu.

Sasa sikia. Mwezi mmoja baada ya kufunga, nenda asubuhi bila taarifa, uangalie chini ya kidumu. Pana tope, watu wananawa. Pakavu, andika sifuri, hata kama ulitoka jasho ndoo nzima. Na upime kiangazi, masika yatakudanganya. Anzeni na kumi tu. Dumu liwe la mwenye nyumba, atoboe mwenyewe, sabuni ikikosekana aweke jivu. Mkikuta tope kwa nane, ndiyo msogee nyumba kumi zinazofuata. Mkikuta kwa mawili, kaeni na wale mama muulize, msikimbilie kununua vidumu vingine.

Fulana? Zetu zilikuwa nyeupe. Yangu nadekia sebule.