Milima bila mtu, na chaki za Wyczółkowski

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii: mchoraji wa usimboli (sanaa inayotumia vitu vinavyoonekana kama ishara za visivyoonekana) akichora milima mitupu, haonekani mtu wala mnyama, mtazamaji aanzie wapi kuitafsiri? Jibu langu ni kwamba aanze kwa kuuliza mchoraji alisimama wapi. Nimchukue Leon Wyczółkowski wa Polandi, ambaye kati ya 1904 na 1906 alichora tena na tena, kwa pasteli, yaani chaki za rangi, ziwa la Morskie Oko kwenye milima ya Tatra.

Watalii hupiga picha wakiwa ukingoni mwa ziwa: maji mbele, vilele nyuma, anga juu. Wyczółkowski yeye, katika picha ninayoizungumzia, alipanda mpaka Czarny Staw, ziwa jingine lililo kama mita 190 juu zaidi, akageuka, akachora akitazama chini. Morskie Oko, ziwa kubwa kuliko yote ya Tatra, likawa doa la kijani na buluu lililobanwa na miteremko. Mlima tumezoea kuutazama tukiinua shingo. Hapa macho yanashuka, na mtu anaweza kushikwa na kizunguzungu ameketi kwenye kiti.

Halafu kuna chaki zenyewe. Pasteli ni unga wa rangi ulioshikizwa kwa gundi kidogo mno. Hukaa juu juu kwenye mikwaruzo ya karatasi, ukipitisha kidole unahama, ndiyo maana picha hizi huwekewa kioo. Mchoraji wa rangi za mafuta akitaka ukungu huupaka. Wa pasteli anaweza kulisugua jabali lenyewe mpaka lififie. Jabali na ukungu vikawa unga uleule! Ishara ninayoiona mimi iko hapo: kitu kigumu kuliko vyote machoni petu kimechorwa kwa kitu kinachopeperuka kwa pumzi.

Najua wapo watakaosema picha ni ya siasa, na hawakosi sababu. Tangu 1795 Polandi haikuwa na dola, ilikuwa imegawanywa na Urusi, Prusia na Austria. Ziwa hili nalo liligombaniwa na Galicia, jimbo lililokuwa chini ya Austria, dhidi ya Hungaria, hadi baraza la usuluhishi lililokaa Graz mwaka 1902 likaipa Galicia ushindi. Wapolandi walishangilia. Lakini kutoka hapo kwenda kusema kilele ni taifa, maji ni machozi, ukungu ni kifo, ni kusoma picha kama mtu aliyefungua kitabu cha tafsiri ya ndoto. Wyczółkowski alipotaka nembo ya taifa aliijua njia: miaka kama kumi kabla alishamchora mpiga kinubi aliyegeuka jiwe, na Wapolandi wenzake walimwelewa. Kule ziwani hakuweka mpiga kinubi. Hata mpaka uliopiganiwa mahakamani huuoni.

Kwa hiyo siasa naikubali kama sababu ya ziwa hilo kuwa midomoni mwa watu, si kama ufunguo wa kila mstari.

Wengi tutaitazama kwenye simu, ambako ule unga hauonekani vizuri. Basi anayetaka kubishana nami akuze kwanza sehemu ambapo jabali linakutana na maji, aniambie jiwe linaishia wapi.

Msomaji wenu,
Morogoro