Mifereji ya paa kwanza: majibu kwa wenye Roadster

Mvua za Machi zimekaribia, na maswali mengi ya safari hii yanahusu maji ndani ya gari. Naanza na hilo kwa kirefu, mengine yafuate. Nikiandika NA namaanisha Mazda Roadster, lile gari dogo la viti viwili, ya 1989 hadi 1997, NB ya 1998 hadi 2005, NC ya 2005 hadi 2015, na ND ya kuanzia 2015. Mwenye gari jingine la paa la kitambaa asome pia, kwa sababu maji hayabagui.

"Kila mvua ikinyesha zulia la nyuma ya kiti cha abiria linalowa. Nimeshabadilisha raba za mlango mara mbili na paa halina tundu. NB, Nansana."

Acha kununua raba. Paa la kitambaa halimwagi maji yote nje kama paa la bati. Yale yanayoteremka karibu na kioo cha nyuma huingia kwenye mfereji uliofichwa chini ya ukingo wa paa, nyuma ya viti. Mfereji huo huyagawa kushoto na kulia hadi pembeni, karibu na mahali mkanda wa usalama unapotokea. Pale kuna tundu, na chini ya tundu kuna bomba linaloshuka hadi mbele kidogo ya gurudumu la nyuma. Majani ya mwembe, maua ya jakaranda na vumbi letu jekundu vikikutana kwenye tundu hilo vinageuka udongo wa mfinyanzi. Maji yakikosa njia hujaa, hufurika, na kuingia kwenye zulia lako. Raba mpya haiwezi kuzuia maji ambayo yameshapita ndani.

Pima hivi. Fungua paa nusu ili mfereji uonekane, kisha mimina nusu lita ya maji polepole kwenye pembe moja huku mwenzako akichungulia chini, mbele ya gurudumu la nyuma. Maji yatoke mara moja na kwa wingi. Yakidondoka tone tone, au yakikosa kutoka kabisa, bomba limeziba. Rudia upande wa pili hata kama zulia la upande huo ni kavu.

Kuzibua, tumia uzi wa nailoni wa mashine ya kukata nyasi, unene wa milimita 2 au 3. Choma ncha yake kidogo iwe duara isitoboe, uushushe taratibu huku ukiuzungusha, kisha mimina maji ya uvuguvugu, na urudie mpaka yatoke bila rangi. Usitumie waya, kwa sababu hutoboa bomba. Usikubali fundi aweke hewa ya kompresa pia. Hewa ya nguvu huchomoa bomba kwenye kiungo chake, na hapo maji hupotelea ndani ya boksi la chuma lililo chini ya mlango. Utadhani umepona kwa sababu zulia limekauka, kumbe gari linaoza kutoka ndani. Fanya kazi hii kabla ya Machi na kabla ya Septemba. Anayeegesha chini ya mti aifanye kila mwezi.

Zulia nalo lisiachwe likauke lenyewe. Linyanyue pamoja na sponji yake, uanike juani siku mbili, ukaushe sakafu. Kisha gonga kwa mpini wa bisibisi chuma cha chini ya mlango, sehemu iliyo mbele ya gurudumu la nyuma. Kikilia vizuri, shukuru. Kikitoa sauti nzito au vigamba vya kutu, kata kilichooza na uchomelee chuma kipya. Gari lisilo na paa la chuma hubeba nguvu zake zote pale chini, kwa hiyo anayejaza puti na kupaka rangi sehemu hiyo anakuuzia hatari. Siku ya ajali puti haitakusaidia.

"Naweza kuendesha paa likiwa wazi mvua ikinyesha?"

Kwenye Entebbe Expressway kwa kilomita 80 kwa saa na zaidi, manyunyu yatapita juu ya kichwa chako. Kwenye jamu ya Jinja Road utalowa wewe, viti na swichi za madirisha. Funga.

"Inakula mafuta kiasi gani?"

Swali hili linakuja kila mara bila kutajwa injini, mwaka wala barabara. NA yenye afya, mjini, tegemea kilomita 10 hadi 12 kwa lita, na barabara ndefu zaidi ya hapo. ND ya lita 1.5 inakula kidogo kuliko zote. Ikiwa yako inakula kuliko hivyo, soma jibu la themostati hapa chini kabla ya kulaumu kituo cha mafuta.

"Nataka kuagiza NB kutoka Japani, nimeona ya bei nafuu sana. Mbarara."

Huwezi. Tangu marekebisho ya sheria ya usalama barabarani ya 2018, gari lenye miaka 15 au zaidi tangu litengenezwe haliruhusiwi kuingia Uganda. NA na NB zilizobaki ni zile zilizokwisha kuingia nchini. Anayeagiza leo atafute ND, au NC za mwisho kabisa, na ahesabu miezi ya meli. Angalia jambo moja: matangazo mengi ya Japani huandika mwaka wa usajili wa kwanza, na hesabu yetu ni ya mwaka wa kutengenezwa. Omba namba ya chesisi, uhakikishe mwaka wa kutengenezwa kabla ya kutuma hata senti. Kodi za URA (mamlaka ya mapato ya Uganda) nazo zipigie hesabu kabla, ukikumbuka kwamba ushuru wa mazingira hulenga magari yenye umri mkubwa.

Unayenunua NB hapa hapa nchini, lala chini ya gari. Mbali na chuma cha chini ya mlango, tazama mihimili miwili ya chesisi ya mbele, nyuma ya bampa. Kwenye NB mihimili hiyo huoza kutoka ndani, na nje unaona malengelenge madogo tu ya rangi. Gari lililoishi kaskazini ya Japani, ambako barabara hunyunyiziwa chumvi wakati wa theluji, lipekue mara mbili. Muuzaji anayekataa gari lake linyanyuliwe, muage.

"Linagusa matuta. Fundi ameshauri nikate springi ili likae vizuri na nifunge rimu za 17. Nakaa Kira, mita 800 za mwisho ni barabara ya vumbi."

Huo ushauri utakugharimu gari. Kutoka kiwandani chini yake kuna sentimita 13 au 14 tu. Ukikata springi unapoteza tatu au nne kati ya hizo, na springi iliyokatwa haina tena safari ya kutosha. Shokamzoba inafika mwisho kila shimo, inavuja mafuta, halafu unakuja kuuliza kwa nini gari linadunda. Kwenye NA na NB sampu ya oili ni ya aluminiamu ya kumimina: jiwe moja likiipiga haibonyei, inapasuka, na injini ikibaki bila oili hata dakika chache imekwisha.

Rimu za 17 zenye tairi jembamba ni kosa la pili. NA ilikuja na 185/60R14 na NB nyingi na 195/50R15, na ule ukuta wa tairi ndio unaokinga rimu kwenye mashimo yetu. Baki na kipimo cha kiwandani. Na mwambie kijana wa kituo cha mafuta asijaze psi 35 kama anavyozoea kwenye magari mazito. NA ina uzito usiofika tani moja, na kipimo chake ni psi 26 mbele na nyuma, tairi likiwa baridi. Ukiweka 35 gari linarukaruka kwenye changarawe, breki zinateleza, na tairi linalika katikati.

Matuta uyapite kwa pembe, gurudumu moja baada ya jingine, abiria akiwa amekaa usawa. Likigusa hata hivyo, kagua springi na bushi kuukuu kwanza. Gari la miaka 25 mara nyingi limeshazama sentimita moja au mbili lenyewe. Springi mpya za kipimo cha kiwandani na alaimenti baada ya hapo zitakurudishia nafasi hiyo. Na gari lisinyanyuliwe kwa jeki kwenye sampu, wala kwenye ule mhimili mrefu wa aluminiamu unaounganisha gia boksi na difu. Ukipinda huo, gia hazitaingia vizuri tena.

"Injini inapata moto kwenye jamu. Wametoa themostati lakini bado. NA 1.6, Ndeeba."

Rudisha themostati leo. Tabia hii ya kuitoa imezeesha injini nyingi Kampala kabla ya wakati wake. Themostati hufunguka maji yakifika karibu nyuzi 88, na kazi yake ni kuifikisha injini kwenye joto lake na kuilinda isipoe kupita kiasi. Ukiitoa, injini inatembea baridi barabarani, kompyuta inaongeza petroli ikidhani ndiyo kwanza imewashwa, na oili haipati joto la kukausha unyevu uliomo. Kwenye jamu bado itachemka, kwa sababu gari lililosimama linakosa upepo.

Kwa hiyo anza na feni. Acha injini ikiunguruma gari likiwa limesimama. Feni iwake yenyewe kabla mshale haujapita katikati. Isipowaka, pima fyuzi, rilei na swichi ya joto. Pili, kifuniko cha rejeta. Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji yasiyo na shinikizo huchemka hapa kwenye nyuzi 96. Kifuniko kilicholegea kinakunyima shinikizo linalozuia kuchemka, nacho ni spea ya bei ndogo. Tatu, tazama sehemu ya plastiki ya juu ya rejeta. Mpya ni nyeusi. Ikiwa imekuwa kahawia, badilisha rejeta kabla haijapasukia njiani, maana itapasuka.

Jaza kulanti nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa yanayouzwa kwa ajili ya betri, jumla kama lita 6. Maji ya bomba huacha ukoko na kutu ndani. Unapojaza, pua ya gari iwe juu kidogo na hita iwe wazi, hewa itoke. Mshale wa joto nao usiuamini sana: hukaa katikati kwa muda mrefu, na ukianza kupanda, simama hapo hapo.

"Pedali ya klachi inazama sakafuni nikipanda Muyenga. Fundi anataka kushusha gia boksi, Shilingi nyingi."

Asishushe kitu bado. Klachi ya NA na NB husukumwa na mafuta ya breki, na silinda ya chini, iliyofungwa nje ya gia boksi kwa bolti mbili, ni ugonjwa unaojulikana. Vuta raba yake ya vumbi. Ukikuta unyevu, umepata. Angalia pia kikopo cha mafuta juu: yakiwa meusi na yamepungua, ndiyo hiyo hiyo. Badilisha silinda ya chini na masta silinda kwa pamoja, kwa sababu mpya ya chini huiua ya juu iliyochoka ndani ya miezi, kisha utoe hewa kwa mafuta mapya. Klachi yenyewe ikiisha dalili ni tofauti: injini inapiga kelele mlimani na gari haliongezi mwendo, pedali ikiwa ngumu kama kawaida.

"Naweza kumbeba mtoto wa miezi minane?"

Kiti cha mtoto kinachotazama nyuma hakiwekwi mbele ya eabegi inayofanya kazi, kamwe. Kama eabegi ya abiria haizimiki, mtoto apande gari jingine. Kumpakata mapajani pia hapana.

"Washing bei wameharibu kioo cha plastiki cha nyuma. Kimekuwa ukungu."

Walikifuta kikiwa na vumbi. Vumbi letu ni mchanga, na kitambaa kikavu ni msasa. Kwanza maji mengi bila kugusa, halafu sabuni laini na kitambaa chenye maji. Bomba la shinikizo likae mbali na paa, nusu mita au zaidi, na lisielekezwe kwenye mishono. Dizeli na dawa ya kung'arisha matairi visifike kwenye paa kabisa.

Ukungu mwepesi unaondoka kwa dawa ya kupolishi plastiki. Mikwaruzo mirefu haiondoki, hapo ni kioo kipya. Kwenye NA fungua zipu ya kioo kabla ya kukunja paa, kila mara. Asubuhi za baridi za Kabale usikunje plastiki mpaka jua liipashe, na paa lililolowa usilifungie chini, litaota ukungu.

"Betri mpya imeacha unga mweupe kwenye buti na chuma kimeanza kutu."

Umefungiwa betri ya kawaida. Kwenye NA na NB betri inakaa ndani ya buti, kwa hiyo inahitaji ile iliyofungwa yenye matundu ya kuunganisha mabomba ya kutoa mvuke nje. Mvuke wa asidi ukibaki ndani unakula chuma, na gesi yake inaweza kulipuka. Itoe, osha kwa maji yenye magadi, kausha, piga rangi ya kuzuia kutu, na ununue betri sahihi hata kama bei ni mara mbili.

"Kampala hadi Kabale na kurudi, litafika?"

Litafika. Oili, kulanti na mkanda wa taimingi viwe sawa. Kwenye NA na NB mkanda hubadilishwa kila kilomita 100,000, na kama huna rekodi, hesabu kwamba haujabadilishwa. NC na ND hazina tairi la akiba, zina chupa ya dawa ya kuziba, na dawa hiyo haisaidii tairi likichanika ubavuni. Beba vifaa vya kuziba pancha na kompresa ndogo. Kati ya saa nne na saa kumi funga paa au vaa kofia. Kule Kayabwe unapita juu ya ikweta. Tangi la NA ya 1.6 ni lita 45, kwa hiyo jaza Mbarara wakati wa kwenda na wakati wa kurudi.