Uliza Ujibiwe: Zermatt, theluji na vilele

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa wanaojiandaa kwenda Zermatt, kijiji cha Uswisi kilicho mita 1,600 na ushee juu ya usawa wa bahari, chini ya mlima Matterhorn. Kwa wasiopajua: gari lako huliingizi kijijini. Unaliacha Täsch, kilomita 5 kabla ya kufika, kisha unapanda treni. Tumejibu maswali sita.

*Ndugu Mhariri, msimu uliopita nilikodi viatu vya skii. Ilipofika saa sita mchana vidole vimekufa ganzi na miundi inawaka moto. Nikaongeza soksi za pili, hali ikawa mbaya zaidi. Safari hii nichukue namba kubwa? – Miguu Baridi*

Hapana. Kwa dalili hizo, yaelekea unahitaji namba ndogo zaidi.

Namba ya kiatu cha skii ni urefu wa mguu kwa sentimita. Simama kisigino kikiwa kimegusa ukuta, mwenzako aweke alama mbele ya kidole kirefu kuliko vyote, kisha pima. Ukipata 26.5, hiyo ndiyo namba yako. Ganda la plastiki la 26 na la 26.5 kwa kawaida ni lile lile, kwa hiyo usipoteze muda kubishana na fundi juu ya nusu namba. Mwombe atoe kile kiatu laini cha ndani, uingize mguu kwenye ganda tupu, usukume vidole viguse mbele, halafu ukunje goti. Nyuma ya kisigino paingie upana wa kidole kimoja, au viwili vikiwa vimebanana. Vikiingia vitatu, mguu wako utaogelea humo ndani.

Mguu unaoogelea ndio chanzo cha maumivu yako yote mawili. Kila unapokata kona, muundi unagonga mbele. Wewe unadhani dawa ni kukaza vifungo, unakaza, vya juu ya wayo vinabana mishipa, damu haipiti, ganzi inaingia. Soksi ya pili inaongeza mbano na kushika jasho, na jasho ndilo baridi yenyewe. Vaa soksi moja nyembamba inayofika chini ya goti, na suruali ya ndani iishie juu ya kiatu. Hata mkunjo mdogo wa kitambaa juu ya muundi utausikia kabla ya saa moja kwisha.

Kuvaa nako kuna mpango wake. Gonga kisigino chini mara mbili tatu kirudi nyuma kabisa, piga goti mbele, funga vifungo vya juu na ule mkanda mpana kwanza, ndipo ufunge vya chini, tena kwa kulegeza. Ukisimama wima vidole viguse mbele kidogo. Ukipiga goti viachie. Dukani kiatu kinachokaa sawa kitakubana kuliko unavyotarajia. Kile kinachokaa kama ndara ndicho kitakachokutesa mlimani.

Ukiwa hapo hapo dukani, mtajie fundi uzito wako wa kweli, kimo, umri na kiwango chako cha kuteleza. Hizo, pamoja na urefu wa soli ya kiatu, ndizo zinazoamua namba ya kuachia kwenye vishikio vya ski, yaani nguvu inayotakiwa ili kishikio kikiachie kiatu unapoanguka. Anayepunguza uzito kwa aibu, ski inamchomoka katikati ya mteremko. Anayejisifu kuwa hodari, ski inagoma kuachia anapoanguka, na goti ndilo linalolipa. Kila unapovaa ski, kwangua theluji iliyoganda chini ya soli. Ikibaki hapo, kishikio hakitafunga sawasawa.

*Nimesikia Breithorn ni kilele cha mita 4,164 ambacho hata asiye na uzoefu anafika kwa saa mbili. Tutawasili Zermatt jioni, kesho yake asubuhi tupande. Tuko wawili. Inawezekana? – Wenye Haraka*

Saa mbili ni kweli, kwa sababu gari la waya linakufikisha kituo cha Matterhorn Glacier Paradise, mita 3,883. Tatizo ni hilo hilo: mashine imekupandisha zaidi ya mita 2,200 asubuhi moja, mwili wako bado uko kijijini. Kichwa kitauma, kichefuchefu kitakuja, na miguu itakuwa mizito mahali ambapo hutakiwi kujikwaa. Lala angalau usiku mbili au tatu Zermatt kwanza, na mchana panda mlima wa Gornergrat, mita 3,089, ukatembee huko. Mtu akianza kuyumba kama mlevi au akikosa pumzi hata akiwa amekaa, ateremshwe mara moja. Usimpe dawa ya maumivu na kusubiri aone nafuu.

La pili ni kwamba njia yote iko juu ya barafuto, yaani mto wa barafu unaosogea polepole. Uwanda wa mwanzo unaonekana tambarare kama uwanja wa mpira, ila nyufa zimefunikwa na theluji na huzioni. Kila mmoja awe na mkanda wa kupandia kiunoni, kramponi (meno ya chuma ya kufunga chini ya viatu), shoka la barafu, na wote mfungwe kwenye kamba moja, umbali wa takriban mita 10 kati ya mtu na mtu mkiwa watatu au wanne. Kamba ikae imenyooka, iguse theluji kidogo tu. Mtu anayekusanya kamba mkononi humpa mwenzake nafasi ya kudondoka mita kadhaa kabla ya kamba kukaza. Mkiwa wawili tu, kumtoa aliyeingia ufani ni kazi ngumu mno kwa asiyefundishwa. Chukueni mwongozaji.

Mteremko wa mwisho unafika takriban nyuzi 35, na juu kileleni kuna kingo za theluji zinazoning'inia hewani. Fuateni nyayo, msisogee pembeni kupiga picha. Miwani iwe ya giza la daraja la 4, na pakeni krimu ya jua hadi chini ya pua na kidevu, maana theluji inaurudisha mwanga kutoka chini. Kabla ya kuondoka kituoni, soma saa ya gari la mwisho la kushuka. Ratiba za kule huandika 16.30, yaani saa kumi na nusu jioni yetu. Wapo wanaochanganya.

*Mimi si mtu wa kupanda. Kuna matembezi ya kiangazi kwa mama wa makamo mwenye magoti mabovu? – Mwendo Pole*

Yapo, mama, tena mazuri. Njia ya Maziwa Matano huanzia Blauherd na kuishia Sunnegga, vituo viwili vya lifti juu ya Zermatt, kama kilomita 9 hadi 10. Sehemu kubwa ni kuteremka, kwa hiyo beba fimbo mbili kwa ajili ya magoti. Stellisee ndilo ziwa linaloakisi Matterhorn. Wahi asubuhi kabla upepo haujachafua maji. Kibao cha njano kitupu ni njia ya kawaida. Chenye rangi nyeupe-nyekundu-nyeupe ni njia ya mlimani inayodai viatu imara. Ukiona nyeupe-buluu-nyeupe, hiyo si yako, geuka.

*Pembeni ya njia rasmi kuna theluji safi isiyokanyagwa, hatua chache tu kutoka kwenye nguzo za mpaka wa njia. Na pale naambiwa hatari ya maporomoko ya theluji ni daraja la 3 kati ya 5, yaani katikati. Si sawa? – Mpenda Theluji Mpya*

Hiyo 3 imeshawadanganya wengi. Haina maana ya alama ya kati kama ya mtihani. Ina maana kwamba mtu mmoja tu anaweza kuliangusha bamba la theluji kwenye miteremko mingi, na vifo vingi hutokea siku za namna hiyo, kwa sababu siku za daraja la 4 na la 5 wengi hubaki ndani.

Maporomoko yanayoua huanza hivi. Upepo unabeba theluji na kuipakia upande wa mlima uliokingwa. Inashikamana ikawa bamba, na chini yake kuna tabaka dhaifu, kama sukari isiyoshikana. Uzito wako unalivunja tabaka hilo na bamba zima linaondoka, wewe ukiwa juu yake. Mara nyingi anayefukiwa ndiye aliyeliachia, au mwenzake. Pembe ya hatari ni nyuzi 30 kwenda juu. Ramani ya swisstopo, idara ya ramani ya Uswisi, ina tabaka la rangi linaloonyesha miteremko hiyo.

Taarifa ya hatari ya maporomoko ya SLF, taasisi ya Uswisi ya utafiti wa theluji, hutoka saa 11 jioni, na katikati ya msimu hurekebishwa saa 2 asubuhi. Isome yote, hasa inapotaja upande wa mlima na kimo. Ukitoka nje ya nguzo, kila mtu awe na kifaa cha mawimbi ya 457 kHz mwilini, kinachotuma ishara ili upatikane ukifukiwa na pia kutafuta ishara ya mwenzako, ufito wa kutafutia na koleo la chuma. Simu ikae mbali na kifaa hicho, sentimita 20 kikiwa kinatuma na 50 kikiwa kinatafuta, la sivyo kitapotosha. Aliyefukiwa ana dakika 10 hadi 15 tu zenye matumaini makubwa, kwa hiyo mwokozi ni aliye nawe pale pale. Kama wote hamna vifaa, kuna njia za skii za rangi ya njano: hazilainishwi, lakini hulindwa dhidi ya maporomoko zikiwa wazi.

*Nimefika Uhuru, mita 5,895. Matterhorn ni mita 4,478 tu. Nahitaji nini zaidi? – Mshinda Kilele*

Mikono. Uhuru ulifika kwa kutembea. Hapa unapanda mwamba. Kutoka nyumba ya wapandaji ya Hörnli, mita 3,260, unapanda zaidi ya mita 1,200 ukingoni, saa 4 hadi 5, na kushuka huchukua muda ule ule. Mwanzo ni gizani, kama saa 10 alfajiri. Mwongozaji huchukua mteja mmoja tu, na mwendo wako utapimwa hadi banda la dharura la Solvay, mita 4,003. Ukichelewa hapo utageuzwa, na pesa ya siku hiyo imekwenda. Tarehe 14 Julai 1865 watu saba walifika kileleni kwa mara ya kwanza. Wanne walikufa wakati wa kushuka. Kwa hiyo jizoeze kushuka mwamba ukiwa umevaa kramponi. Waongozaji wa Zermatt huwajaribu wateja kwenye Riffelhorn, kilele cha mwamba karibu na Zermatt, anzia hapo.

*Nikiumia, nani ananitoa, na je, naweza kuvuka kwa ski hadi Italia? – Bila Bima*

Piga 144. Helikopta ikikuona, mikono miwili juu ni "nahitaji msaada". Mmoja juu na mmoja chini ni "sihitaji". Uokoaji hulipiwa, na usidhani tiketi ya lifti ina bima ndani yake. Cervinia, kijiji cha Italia upande wa pili wa mlima, unafika kwa ski ukiwa na tiketi inayohusisha pande zote mbili, pamoja na pasipoti. Anza kurudi mapema: upepo ukifunga lifti za juu, njia iliyobaki ni kuzunguka kwa gari kwa saa kadhaa, ukiwa umevaa viatu vya skii.