Binti aliyelalamikia bei

Mkuu, umeuliza ni mwandishi gani aliyetuingiza kwenye hadithi za kisayansi, na kila mtu ataje kipande anachokipenda. Mimi nilikuwa sizitaki kabisa. Kwangu zilikuwa roketi na Wazungu wenye bunduki za mwanga, basi.

Octavia Butler, mwandishi mweusi wa Marekani, nilimwokota kwa wauza vitabu vya mtumba wanaopanga chini pale Posta. Jalada limechanika, bei elfu tatu, tukaelewana elfu mbili. Kitabu ni Kindred, cha mwaka 1979. Kinaanza na mwanamke anayesema kwamba safari yake ya mwisho ya kurudi nyumbani imemgharimu mkono, tena wa kushoto. Siku hiyo kwenye daladala nilipitilizwa kituo.

Dana ni mwandishi mweusi wa California. Mwaka 1976, siku anayotimiza miaka 26, anashikwa na kizunguzungu, kufumbua macho yuko Maryland enzi za utumwa na mtoto wa Kizungu anazama mtoni. Anamwokoa. Mtoto huyo, Rufus, ndiye mhenga wake. Kila Rufus akikaribia kufa, Dana anavutwa tena, maana Rufus akifa kabla hajamzaa Hagar, ambaye ukoo wa Dana unatokana naye, Dana naye hayupo. Mashine ya kumsafirisha hakuna, wala maelezo. Butler mwenyewe alikataa kukiita cha kisayansi kwa sababu hiyohiyo, kwa hiyo mnaojiandaa kunibishia mko sahihi, ila mlango niliingilia hapo.

Sasa kipande chenyewe, nakisimulia kwa maneno yangu. Safari hii Dana yuko na mumewe Kevin, ambaye ni Mzungu. Wanawakuta watoto wa watumwa wanacheza. Mvulana kasimama kwenye kisiki ananadi: huyu hapa anapika, anafua, anapiga pasi, dola mia mbili, nani anatoa? Kabinti kanakonadiwa kanamkunjia uso. Mimi si wa mia mbili, Martha mbona ulimuuza mia tano!

Kevin anaona watoto wanaiga wakubwa tu. Dana hawezi kuendelea kutazama.

Angekataa kuuzwa ningesoma nikapita. Yeye analalamikia bei. Nilifunga kitabu, kwa sababu sisi uswahilini tulicheza baba na mama, na lazima mmoja awe dada wa kazi. Tulimfokea vizuri sana: chumvi imezidi, vyombo bado, mshahara nakata. Na mama yangu mzazi asubuhi ile alikuwa kwa watu, anaosha vyombo vyao. Shuleni nilikuwa nasema anafanya biashara.

Baadaye nikasoma kwamba mama yake Butler naye alikuwa mfanyakazi wa ndani huko Pasadena. Binti alimwona akipita milango ya nyuma, akisemwa na kunyamaza, akamwonea aibu. Alipokua ndipo akaelewa kwamba kunyamaza kule ndiko kulikomlisha, na kitabu hiki kilitokana kwa sehemu na hayo. Aliyepata kumkana mama yake atakisoma tofauti na wengine.

Mama hasomi Kiingereza, nikamsimulia kipande hicho tukiwa jikoni. Alisikiliza hadi mwisho huku anachambua mchele, asiinue kichwa.

"Na huyo Martha, mwanangu, alikuwa anajua kupika nini hata auzwe mia tano?"