Wasomaji Wanauliza: Machozi Kwenye Ufunguzi wa Olimpiki

SWALI: Mhariri, mimi si mpenzi wa michezo. Ufunguzi wa Olimpiki ya Paris mwaka 2024 niliutazama kwa kuwa watoto ndio waliokuwa na rimoti. Boti la timu ya wakimbizi lilipopita mtoni, machozi yalinitoka mbele ya mashemeji, na hadi leo wananitania. Jambo lisilonihusu linanilizaje? – Baba Neema, Morogoro

JIBU: Baba Neema, boti lile lilikuhusu kuliko unavyodhani. Timu hiyo ilishiriki mara ya kwanza Rio de Janeiro mwaka 2016 ikiwa na wanamichezo 10. Watano walikuwa wakimbiaji wa Sudan Kusini kutoka kambi ya Kakuma, Kenya, na wawili wanajudo kutoka Kongo. Kiongozi wa msafara alikuwa Mkenya Tegla Loroupe, na bendera ilibebwa na Rose Nathike Lokonyen, naye wa Kakuma. Kwetu sisi, kambi si habari ya mbali.

Kuna na sababu ya pili. Ngoma, taa na fataki zimetengenezwa ili zikupendeze, na wewe unajua, kwa hiyo unakaa kama hakimu: hii nzuri, ile imezidi. Timu zinapopita, hakuna anayeigiza. Msafara wa watu mia kadhaa unapita, nyuma yake wanakuja watu watatu na bendera yao, na jina la nchi yao linatangazwa vilevile. Tofauti hiyo ya ukubwa, pamoja na heshima iliyo sawa, inakukuta hujajiandaa. Mwili nao umeshachochewa na muziki kwa muda mrefu. Kidogo tu kinatosha vinyweleo kusimama.

Ndiyo maana yanayokumbukwa kwa miaka mingi ni yale ambayo fundi wa jukwaa hawezi kuyaunda. Tokyo mwaka 1964, timu moja iliingia uwanjani tarehe 10 Oktoba kama Rodesia ya Kaskazini. Siku ya kufunga, tarehe 24, ndiyo siku nchi yao ilipopata uhuru, wakapita na bendera mpya ya Zambia. Atlanta mwaka 1996, Muhammad Ali aliwasha moto huku mkono ukimtetemeka kwa ugonjwa wa Parkinson. Fataki za usiku ule nani anazikumbuka? Waambie mashemeji watazame tena, safari hii bila kupiga soga.

SWALI: Watoto wangu husinzia kabla bendera yetu haijapita. Nifanyeje? – Mama Zuhura, Tanga

JIBU: Mama Zuhura, jua kwanza utaratibu. Ugiriki hutangulia, wakimbizi hufuata, mwenyeji hufunga msafara. Katikati hufuatwa alfabeti ya lugha ya mwenyeji, kwa hiyo usitegemee Tanzania ije kwenye T kila mara. Beijing mwaka 2008 walipanga kwa idadi ya mikato, yaani mistari ya kalamu, katika herufi za Kichina. Mpe kila mtoto nchi tatu za kusubiri: jirani mmoja, kubwa moja, na moja ambayo hajawahi kuisikia, aitafute kwenye ramani.

Saa nazo zina hila. Paris ilianza saa 2:30 usiku kwetu, muda mzuri. Los Angeles itafungua tarehe 14 Julai 2028, nasi tuko mbele yao kwa saa 10: jioni yao ni alfajiri yetu ya Jumamosi. Walaze mapema uwaamshe. Kuwakesheza ndiko kunakoharibu. Kabla ya hapo kuna Olimpiki ya Vijana ya Dakar, inayoanza tarehe 31 Oktoba 2026, ya kwanza kufanyika Afrika, na tofauti ya saa ni 3 tu.

SWALI: Shule yetu ya msingi inataka kufungua mashindano ya madarasa kwa gwaride na mwenge. Tuzingatie nini? – Mwalimu wa michezo, Njombe

JIBU: Mwalimu, darasa la wanafunzi 40 likipangwa safu mbili lina urefu wa mita 20 hivi. Acha mita 10 kati ya darasa na darasa. Kwa njia ya mita 100, madarasa manane, pamoja na awali, yatamaliza kwa dakika sita hadi nane. Msiwatangulize awali kama ilivyozoeleka. Waweke nyuma ya darasa la saba, wakiwa na kibao na bendera yao kamili. Hapo ndipo wazazi watakapotafuta leso.

Mwenge uwe na utambi wa pamba na mafuta ya taa, aubebe mtu mzima, na ndoo ya mchanga iwe karibu. Petroli hapana: mvuke wake hushika moto kabla hujasogeza kiberiti. Fanyeni jaribio na vifaa vyenyewe, maana hata Sydney mwaka 2000 mtambo wa kupandisha moto ulikwama kwa dakika kadhaa huku mkimbiaji wa Australia Cathy Freeman, aliyeuwasha, akisubiri. Njiwa wa kurusha angani msiwaguse kabisa. Seoul mwaka 1988 baadhi yao walitua penye mwenge mkuu wakaungua ulipowashwa.

Risala na hotuba ya mgeni rasmi ziwe baada ya gwaride, watoto wakiwa wameshakaa kivulini. Zikitangulia, darasa la awali litaingia limechoka na jua, nusu yao wakilia kwa sababu nyingine kabisa.